Dogo kashikwa Dubai kwa ajili ya viza, ubalozi wetu mdogo unaweza kumsaidia nini hasa?

Kijana_wa_Pasua:

Wakuu habari za leo, wakubwa shikamooni. Niko Moshi hapa nyumbani Pasua, nyumba haijatulia na kila anayeingia ana ushauri wake, kwa hiyo naomba mwenye kuyajua haya mambo ya ubalozi anieleweshe taratibu.

Mdogo wangu, tumbo moja, alienda Dubai mwaka jana. Kuna ejenti wa hapa mjini alimkatia viza ya matembezi akamwambia wewe nenda, ukifika kampuni itakubadilishia upewe ya kazi, ulinzi wa maghala. Kazi aliikuta kweli ila viza haikubadilishwa, bosi kila siku anamwambia kesho, pasi wamekaa nayo wao, siku za viza zikaisha akawa anaendelea kulinda hivyohivyo maana mshahara ulikuwa unatoka nusu nusu na huku tunadaiwa, hela ya ejenti mama alikopa kikoba. Juzi usiku jamaa anayelala naye chumba kimoja, mtu wa Tanga, kanipigia WhatsApp anasema kumepita msako dogo kabebwa. Simu yake haipatikani mpaka sasa hivi.

Jana tumekaa kikao. Baba mdogo anasema tuandikie ubalozi wetu mdogo wa Dubai leo leo. Mjomba anasema ubalozi ukishajua tumemchoma, jina linaingia kwenye faili hapati pasi tena maisha yake. Halafu kuna mtu kapatikana kupitia kwa shemeji, anadai anajuana na watu kule ndani, anataka milioni 3 kwa simu na dogo atakuwa nje ndani ya siku chache. Mama keshaanza kuulizia bei ya ng'ombe.

Swali langu ni hili, hawa watu wa ubalozi mdogo kazi yao ni nini hasa kwa mtu kama huyu ambaye kwa sheria za kule ni mkosaji? Wanaweza kumtoa? Wanalipa tiketi? Na watajuaje kama ni Mtanzania kweli wakati pasi hana mkononi? Nisaidieni, usingizi sina.

Chalii_Ngarenaro:

Pole sana mwanangu, hapo ni pagumu. Mimi niko Arusha na nakwambia nilichokiona. Binamu yangu alikwama nchi moja huko Asia alikopeleka mawe kuuza, akaugua akalazwa, na nchi yenyewe hatuna ubalozi pale, inasimamiwa kutoka nchi nyingine. Tulipiga simu ya ofisi hiyo ikawa inaita mpaka inakata. Waliomtoa hospitali ni Wabongo wenzake wa kule, walichanga wakamlipia wakampandisha ndege. Kwa hiyo mimi imani yangu kwa hizi ofisi ni ndogo, wanajua kupokea wakubwa wakija kwenye makongamano. Tafuta Watanzania walioko pale, wana magrupu yao, hao ndio watakaokimbia usiku.

Ila hiyo milioni tatu hapana. Mtu unayemjua kwa sauti tu ya simu usimtumie hata elfu kumi.

Mama_Kiboriloni:

Mwanangu wa Pasua pole, na mpe pole mama yako, mwambie ng'ombe akae zizini kwanza.

Mimi nimefanya kazi za ndani Ghuba miaka mingi, sasa hivi niko hapa Kiboriloni na mitumba yangu, na naongea kama mtu aliyekaa kwenye benchi la ubalozi akisubiri zamu yake. Nchi niliyokuwa siitaji na haikuwa Dubai. Chalii wangu wa Ngarenaro simkatalii, kuna ofisi simu haipokelewi na inauma, lakini asiwakatishe tamaa watu maana mwenye kuweza kuingia pale alipofungiwa dogo na akafunguliwa mlango kwa haki ni ofisa wa ubalozi, Wabongo wa kwenye grupu wakienda pale nusu yao viza zao zenyewe zimekwisha, nani atathubutu kusogelea geti la polisi.

Nikuambie wanavyofanya kwa mtu asiye na pasi. Siku moja niko pale nimefuata pasi yangu mpya akaingia binti, kavaa dera na kandambili za bafuni, hana pochi hana simu, mkononi kafumbata kikaratasi chenye namba ya mama yake. Katoroka alikokuwa anafanya kazi. Ofisa, mwanamke wa makamo, akamkalisha akamletea chai na mkate ndipo akatoa fomu. Hakuanza na pasi. Alimuuliza umezaliwa wapi, kijiji gani kata gani, mwenyekiti wa kijiji nani, shule ya msingi ulisoma wapi, mwalimu mkuu alikuwa nani, babu yako mzaa baba anaitwaje, kanisa mnalosali liko jirani na nini. Binti anajibu huku analia, ofisa anaandika pole pole kwa kalamu, akifika mahali hajaelewa anarudia swali. Halafu akaipiga ile namba ya kikaratasi, mama akapatikana, akaulizwa maswali yaleyale bila kuambiwa binti kajibu nini. Majina yakatumwa Uhamiaji nyumbani kuhakikiwa. Yule binti alitafutiwa pa kulala kwa familia moja ya Kitanzania, na uhakiki ulipokamilika akapigwa picha, akapewa hati ya dharura ya safari, ile ya kurudia nyumbani tu. Bila ile hati hakuna ndege ingempakia hata kama angekuwa na gunia la hela.

Kwa hiyo hofu ya mjomba aiache. Serikali ya kule imeshamshika, sasa mnamficha nani? Kitu kinachomuumiza mtu kule ndani ni kukaa wiki na wiki hakuna anayejua jina lake, pasi iko kwa mwajiri na mwajiri hataki kujulikana kama alimwajiri bila kibali. Na kukaa na pasi ya mfanyakazi hata sheria za kule Emirates, yaani Falme za Kiarabu ilipo Dubai, zinakataza, ubalozi ndio wenye mdomo wa kuidai kwa barua kwa sababu pasi ni mali ya Serikali ya Tanzania, si ya mwajiri wala ya dogo mwenyewe.

Tiketi, usiweke matumaini. Hawana fungu la kumlipia kila aliyekwama, huwa wanambana mwajiri akipatikana, ikishindikana wanaongea na jumuiya ya Watanzania, ikishindikana ni familia. Jiandaeni kwa hilo, hela mnayotaka kumpa yule tapeli iwe hiyo.

Kijana_wa_Pasua:

Mama asante sana, nimemsomea mama yangu ujumbe wako wote. Kuna kimoja, hivi ubalozi si wangekuwa wameshapewa taarifa na polisi wa kule? Mjomba anasema kama wangetaka kutujulisha wangeshatupigia.

Wakili_Sakina:

Nimeuona uzi huu nimechelewa. Niko Arusha, kazi yangu ni sheria, ngoja nijibu hapo kwenye swali la mjomba maana ndipo familia nyingi zinapopotezea siku za muhimu.

Kazi za ubalozi mdogo hazijatungwa na kila nchi inavyojisikia. Kuna Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963, yaani mambo ya ubalozi mdogo, ambao ofisa wake huitwa konseli, Tanzania imo na Emirates imo. Ibara ya 5 ndiyo inayotaja kazi zenyewe: kulinda maslahi ya raia wake walioko kule, kutoa pasi na hati za safari kwa raia na viza kwa wageni, kufanya kazi za kithibitishaji, yaani kushuhudia saini na kugonga muhuri kwenye hati, na za msajili wa vizazi na ndoa, kuangalia mirathi ya raia aliyefia kule, kuangalia watoto wasio na mlezi, kumtafutia raia uwakilishi mahakamani asipoweza kujitetea, kusaidia meli na ndege za nchi yake, na biashara na utamaduni juu yake. Kwa hiyo Chalii akisema wanahudumia makongamano ni kweli hiyo nayo ni kazi yao, ila mtu aliyefungwa si fadhila, naye ni kazi yao.

Sasa ibara ya 36. Mtu akikamatwa nje ya nchi yake, waliomkamata wanatakiwa wamwambie bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wa nchi yake ujulishwe, na yeye akitaka, wanaujulisha. Soma hapo vizuri mkuu, yeye akitaka. Vijana wengi wakiulizwa wanasema hapana, kwa sababu wana hofu ileile ya mjomba wako, wanadhani ubalozi ni polisi wa pili. Au karatasi ni ya lugha asiyoielewa anasaini tu. Ndio maana ubalozi unaweza kuwa haujui kabisa kama dogo yuko ndani. Lakini ibara hiyohiyo inampa konseli haki ya kwenda kumwona, kuongea naye, kuandikiana naye na kumtafutia wakili, na barua ya mfungwa kwenda kwa konseli lazima ifikishwe. Anayeweza kuwaamsha ni ninyi ndugu. Mkiandika, wao wanauliza mamlaka za pale: je, mnaye mtu huyu, yuko wapi, anatuhumiwa nini.

Na hii haki si ya kwenye makaratasi tu. Ujerumani waliishtaki Marekani Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya ndugu wawili Wajerumani waliohukumiwa kifo Arizona bila kuambiwa haki hiyo, wakauawa 1999, na 2001 mahakama ikasema Marekani imevunja mkataba. Mexico nao walienda, 2004 ikaonekana Wamexico 51 hawakuambiwa haki yao kwa wakati. India nao waliishtaki Pakistani kwa jambo hilohilo, hukumu ikatoka 2019. Na usidhani ni mambo ya mbali, kuna raia wa Côte d'Ivoire alihukumiwa kifo hapo hapo kwenu Mahakama Kuu Moshi mwaka 2010, akaja kufungua shauri Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu hapa Arusha, moja ya malalamiko yake ni kwamba hakupata msaada wa kikonseli, na nchi yake ikaingia kwenye shauri kumsimamia. Hukumu ilitoka Desemba 2018. Nilipoisoma nilifikiria sana kuhusu wageni walioko mahabusu zetu hapa, na vijana wetu walioko za kwao.

Kuhusu kumtoa, hapana. Ibara ya 55 inasema wazi, watu wa ubalozi waheshimu sheria za nchi waliyopo na wasiingilie mambo yake ya ndani. Konseli hawezi kumpigia hakimu simu, halazimiki kumlipia raia faini, hawezi kuwa wakili wa dogo mahakamani. Atakayekuambia ana njia ya kumtoa kwa milioni 3 anauza kitu ambacho hata konseli mkuu mwenyewe hana.

Kitu cha mwisho, ulizia dogo kakamatiwa wapi hasa. Vijana wengi wanasema Dubai lakini wanalala Sharjah au Ajman kwa sababu vyumba ni nafuu. Kama ni Dubai au zile emirati za kaskazini, mwenye eneo ni ubalozi mdogo wa Dubai. Ikiwa ni Abu Dhabi kwenyewe, kuna ubalozi kamili pale.

Guide_Machame:

Mkuu wa Pasua pole. Mimi napandisha wageni mlima na hii kazi ya konseli nimeiona kutokea upande wa pili, wa nchi zao wakiwa na mtu wao huku kwetu.

Tulikuwa na mgeni, mzee kidogo, alianza kukohoa tukiwa Barafu, kambi ya juu kule Kilimanjaro, mapafu yakajaa maji. Tukamshusha usiku uleule, akafika hospitali akafariki. Kesho yake ofisa wa kikonseli wa nchi yake akanipigia kutoka Dar. Nilitegemea aje na maswali ya kunilaumu. Aliuliza namba ya pasi, jina lililoandikwa mle ndani herufi kwa herufi, saa ya kufariki, daktari nani, na vitu vyake viko kwa nani. Vitu vyake akasisitiza mno. Tukakaa mezani na mtu wa ofisi yetu na polisi, tukaandika kimoja kimoja: buti, kamera, saa, pete aliyoivua kwa sababu vidole vilivimba, kitabu chake cha kuandikia, bahasha ya hela tukaihesabu mbele ya watu watatu tukasaini wote. Ofisa alikuwa kwenye simu muda wote akirudia tunachosema. Halafu yeye ndiye aliyewapa taarifa watoto wa marehemu, akaniomba nisiweke chochote mtandaoni mpaka wawe wamejua. Hilo sijalisahau na nalifundisha kwa vijana wangu.

Hela hawakutoa hata senti. Walituma orodha ya watu wa kuandaa mwili na wa kusafirisha, wakashughulikia karatasi za kupitisha jeneza uwanjani, bili zote zilikuwa za bima. Na hao ni matajiri. Hata Marekani, raia wake akikwama kabisa huwa wanampa mkopo wa kurudia nyumbani na anatakiwa aulipe. Kwa hiyo tusidhani ni sisi tu tunaoambiwa hakuna fungu.

Tofauti niliyoiona ni maandalizi. Yule mzee nakala ya pasi ilikuwa ofisini kwetu, bima imeandikwa, ndugu wa kupigiwa yupo. Ofisa alipata kila kitu ndani ya saa moja. Sisi mtu wetu akienda nje tunabaki na picha yake aliyopiga amesimama mbele ya gari la mtu. Wewe sasa hivi kusanya: nakala ya pasi kama ipo hata picha ya simu, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha yake ya karibuni, jina la kampuni na mahali lilipo ghala, namba ya huyo jamaa wa Tanga, na tarehe aliyokamatwa. Andika yote kwenye imeili moja fupi, jina lake kama lilivyo kwenye pasi, si lile mnalomwita nyumbani. Ndipo upige simu ukiwaambia nimetuma imeili ya jina fulani. Na nakala ipeleke Wizara ya Mambo ya Nje Dodoma, ili kama simu ya kule haipokelewi kama ya binamu yake Chalii, kuna mtu wa pili ameiona.

Chalii_Ngarenaro:

Guide umeongea jambo. Sisi kwa binamu tulikuwa tunapiga simu tu, hakuna aliyeandika. Mkuu wa Pasua fanya alivyosema, na yale magrupu ya Wabongo usiyaache pia, wakujulishe wanachosikia.

Kijana_wa_Pasua:

Wakuu narudi kwenu. Imeili niliiandika usiku uleule kama Guide alivyoelekeza, wamejibu, wakaomba cheti cha kuzaliwa na picha, nikatuma. Leo wamepiga. Dogo yupo, anashikiliwa kwa ajili ya kurudishwa, kesi nyingine hana, ni viza. Ofisa ameongea naye, anasema ni mzima ila kapungua. Mama alipoambiwa ni mzima alikaa chini palepale kwenye majani ya kuku.

Sasa kuna faini ya zile siku alizozidisha, na tiketi. Dogo ana kiwanja chake Mabogini, karatasi zina jina lake, anataka tukiuze tulipe tumalize. Ninaweza kukiuza mimi wakati yeye yuko kule ndani?

Wakili_Sakina:

Mshukuruni Mungu kwa hilo, na kapige chai sasa.

Kiwanja ni chake, wewe kama kaka huna mamlaka ya kukiuza hata akikubali kwa simu, mnunuzi mwenye akili hatakulipa na asiye na akili atakuletea kesi baadaye. Lakini hapa ndipo ile kazi ya kithibitishaji inapokuja. Dogo anaweza kukupa hati ya uwakili, anaisaini mbele ya ofisa wa ubalozi, ofisa anamtambua, anagonga muhuri na saini yake. Mimi au wakili yeyote wa hapo Moshi anaandaa, mnaituma ubalozini, wakienda kumwona wanakwenda nayo. Iandikwe kwa ufupi na kwa mipaka: kiwanja kipi, kiko wapi, kuuza tu au na kupokea hela, isiwe ya kukupa mamlaka juu ya kila kitu chake. Ikirudi huku inasajiliwa kabla hujaitumia. Watu wengi hawajui kama ubalozi mdogo unafanya hivi, wanasafirisha mtu mzima kurudi kusaini karatasi moja.

Ila kabla ya kuuza, fanyeni hesabu. Kuzidisha siku kule ni dirham 50 kwa siku, miezi 4 ni kama dirham 6,000. Muulize ofisa faini kamili imesimama wapi na kama kuna namna ya kuomba ipunguzwe au isamehewe anaporudishwa. Kuna wakati nchi ile inatoa msamaha, mmoja mkubwa ulianza 1 Septemba 2024 ukasogezwa mpaka 31 Desemba, watu wakaondoka bila faini wala kufungiwa kurudi, na asiye na pasi alihitaji hati kutoka ubalozini kwake ndipo aondoke. Sasa hivi siwezi kukuahidi, ndiyo maana nasema uliza.

Mama_Kiboriloni:

Mimi hapo kwenye kiwanja naomba niingilie mwanangu. Wakili kaongea sheria na mimi naongea kama mzazi. Usikimbilie kuuza ardhi ya mtoto akiwa ndani, atarudi mikono mitupu akute na pa kujenga hapapo, hapo ndipo vijana wanaanza kunywa. Mshahara wake ulikuwa unatoka nusu nusu, maana yake anadai. Mwambie ofisa wa ubalozi aandike hilo akienda kumwona: amefanya kazi tangu mwezi gani, alipewa kiasi gani, anadai kiasi gani, jina la msimamizi wake. Najua alikuwa kwa viza ya matembezi na mwajiri atamkana, lakini huyo mwajiri naye ana kosa, kule anayeajiri mtu bila kibali faini yake ni dirham 100,000 kwenda juu tangu walipobadilisha sheria 2024. Nimeona waajiri wakipokea barua ya ubalozi wanatoa tiketi na pasi kimya kimya ili yaishe. Si wote, ila jaribuni hiyo kwanza. Kiwanja kiwe cha mwisho.

Na akirudi usimpokee kwa maswali. Mpeleke hospitali akapimwe, alale, ale. Wengi wetu tulirudi tukakuta watu getini wanasubiri zawadi.

Kijana_wa_Pasua:

Nimekuelewa mama, kiwanja nimesimamisha. Ofisa nimemwandikia habari ya mshahara, na jamaa wa Tanga amenitumia picha za zamu walizokuwa wanaandikiwa na bosi kwa WhatsApp, zina tarehe.

Yule mtu wa milioni 3 kapiga tena jana, nikamwambia dogo ameshaonwa na ubalozi, akakata. Sasa la ejenti. Bado yupo hapa mjini na juzi kapeleka wengine wawili. Nimtaje jina hapa watu wamjue?

Wakili_Sakina:

Usimtaje hapa, utampa nafasi ya kukushtaki wewe. Kupeleka watu kazini nje ya nchi ni shughuli ya leseni, sheria ya kukuza huduma za ajira ya 1999 inataka wakala asajiliwe kwa Kamishna wa Kazi, na TaESA ndio ofisi ya serikali ya huduma za ajira, waulize kama huyo mtu anajulikana kwao. Kama hajulikani na anachukua hela za watu anawapeleka kwa viza ya matembezi, polisi waangalie pia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, maana kumsafirisha mtu kwa kumdanganya ili akatumikishwe ni kosa kubwa. Na hao wawili aliowapeleka juzi tafuta ndugu zao mapema, waambie wahifadhi nakala za pasi na waandike ubalozini watoto wao wapo wapi hata kabla ya shida.

Mama_Kiboriloni:

Nenda na baba yako mdogo, usiende peke yako. Beba meseji za ejenti, zile alizoahidi viza itabadilishwa, na ile karatasi ya kikoba inayoonyesha siku mama alikopa na kiasi.

Kijana_wa_Pasua:

Tunaenda kesho asubuhi. Meseji zake zote nimezipiga picha, na za yule wa milioni 3 pia.

Wakili_Sakina:

Vizuri. Mkifungua jalada chukueni RB namba, ile namba ya taarifa ya polisi, halafu itumeni ubalozi mdogo kwa imeili ileile mliyoanza nayo, iingie kwenye faili la dogo. Ofisa akiandika barua kwa mwajiri au kwa mamlaka za kule, anakuwa na cha kuonyesha kwamba kijana alidanganywa kutoka huku.